Alama zinazovunwa kabla ya mtihani

Mwaka jana kamati ya msikiti wetu, huku Pangani, ilifanya kosa ambalo tumeona ni wajibu kulieleza. Vijana watatu wa Kidato cha Tatu waliteuliwa kwenda Tanga mjini kushindana kuhifadhi Qur'ani. Tuliwachukua Jumatatu hadi Alhamisi, bila barua wala kuuliza shuleni. Tulirudi na furaha. Wao wakakuta mtihani wa muhula umekwisha.

"Huo ni wa muhula tu," tuliwatuliza wazazi. "Wa Taifa bado uko mbali." Hatukusema kweli, ingawa hatukukusudia.

Tangu 1976, kufuatia Azimio la Musoma la 1974, mwanafunzi wa sekondari nchini hapimwi kwa mtihani wa mwisho peke yake. Kazi yake ya shuleni huhesabiwa kuwa alama za maendeleo, na shule huziwasilisha kwa Baraza la Mitihani. Katika matokeo ya Kidato cha Nne alama hizo zimepewa 30 kwa mia, na mtihani wa mwisho 70. Upimaji wa Kidato cha Pili, mitihani ya mihula na kazi za mradi ndizo hulijaza fungu hilo.

Tuchukue mfano. Wanafunzi wawili wamepata 50 kwa mia katika mtihani wa mwisho wa somo moja. Kila mmoja anahesabiwa 35 kati ya 70. Wa kwanza ana 20 za maendeleo: jumla 55, daraja C. Wa pili, aliyekosa mitihani ya shule, ana 9: jumla 44, daraja D, kwa kuwa C huanzia 45. Alama moja imemwangusha. Na mlango wa Kidato cha Tano hutaka angalau C katika masomo matatu.

Jambo hili halikupasa kutushangaza sisi watu wa madrasa. Chuoni mwanafunzi hapewi aya mpya mpaka asikilizwe za jana, wala hakuna aliyehifadhi juzuu kwa usiku mmoja. Tunayajua hayo, lakini tukifika shuleni tunasubiri siku ya mwisho.

Kamati sasa imebandika ratiba ya mitihani ya shule penye ubao wa madrasa, na hakuna safari inayopangwa kabla ya kuitazama. Mtoto akilazimika kukosa, kwa ugonjwa au msiba, barua itangulie, na mzazi aulize lini atafanya mtihani wake. Kila mwisho wa muhula tuitishe ripoti, tuisome naye somo kwa somo, na penye alama isiyoeleweka tumwone mwalimu mapema, kabla alama hazijapelekwa.

Wale vijana watatu tumewaomba radhi, wao na wazazi wao. Watoto ni amana, na amana huangaliwa kila siku.

Wabillahi tawfiq.