Kisu kipya chenye kasoro: tusikitupe, tusikinyamazie



Jembe bovu linajulikana siku ya kwanza. Unalima mustari mumoja, unajua. Kisu cha kukunja hakiko vile. Dukani kinang'aa, kinafunguka, kinafungika, na wewe unalipa na kurudi nyumbani. Kasoro yake inangoja siku ya kazi.

Sisi wa komite ya vifaa, hapa kisiwani Idjwi, tulijifunza hayo mwanzo wa mvua, mwezi wa tisa. Kooperative ilikuwa imenunua visu 30 vya kukunja kwa muuzaji mumoja wa Bukavu, kwa kazi ya kufanya grefe ya avoka katika pepiniera yetu. Asubuhi ya kwanza, mama mumoja mwenye kuzoea kazi hii alikuwa anachonga kijiti. Alisukuma kisu kidogo tu, kile kifungo cha kuzuia kisu kikaachilia, makali yakarudi juu ya kidole chake. Tulimupeleka kwa kituo cha afya, wakamushona. Alikaa wiki mbili bila kugusa kazi, na vijiti vilivyokuwa vimekatwa siku ile vilikauka.

Jioni watu walisema mengi. Wamoja walitaka tutupe visu vyote ndani ya ziwa. Wengine walisema: "Vitu vya siku hizi viko hivyo, tuvumilie." Sisi tuliona njia zote mbili ni mbaya. Kutupa ni kutupa feza ya wanamemba. Kunyamaza ni kungoja kidole cha pili. Basi tulikusanya visu vyote 30, tukavipa namba na wino, tukavipima kimoja kimoja. Tunawaandikia namna tulivyofanya, kusudi nanyi musianzie mahali sisi tulianzia.

KUPIMA KISU: MAMBO SITA

1. Kifungo. Fungua kisu mpaka mwisho, funga kifungo ao pete yake. Weka mugongo wa kisu (si makali) juu ya kipande cha muti na ubonyeze pole pole, vidole vyote vikiwa mbali na njia ya makali. Kikijikunja, hicho si kisu, ni mutego. Fanya hivyo mara tano, juu kifungo kibovu mara nyingine kinashika, mara nyingine kinaachilia.

2. Kuchezacheza. Shika mupini kwa mukono mumoja na ubapa wa kisu kwa mukono mwingine, sukuma kushoto na kuume. Kisu cha grefe hakipashwi kucheza. Kikicheza, mukato unapinda, na mukato uliopinda haushikane na mwenzake.

3. Kufungika. Funga kisu na utazame kwa juu. Makali yanapashwa kulala katikati ya mupini. Yakigusa upande ao kugonga chini, yatafutika kila mara unapofunga. Angalia pia kama ncha haijitokezi inje: ncha ya namna hiyo inatoboa mufuko na paja.

4. Kunyooka. Kisu cha grefe cha kweli kina makali ya upande mumoja: upande mumoja umechongwa, mwingine ni sawa kabisa. Laza ule upande sawa juu ya kipande cha kioo na utazame kwa mwanga. Mwanga ukipita katikati, kisu kimepinda.

5. Makali. Elekeza makali juu, kwa jua. Makali mazuri hayaonekane. Mahali panapong'aa kama uzi mweupe ni butu. Kiisha kata kijiti kibichi cha avoka mara moja tu, bila kurudia. Mukato unapashwa kuwa laini kama jani la mugomba. Ukiona mistari, makali yana mapengo ao yamebakia na chuma kilichojikunja tangu kiwandani.

6. Ugumu wa chuma. Chukua tupa, gusa karibu na mupini, mahali pasipokata. Juu ya chuma kigumu tupa inateleza, inakwaruza kidogo tu. Juu ya chuma laini inauma na kuacha unga. Pima pamoja na kisu unachojua ni kizuri, kusudi mukono wako upate kulinganisha.

Jambo la tano na la sita hamuwezi kuyafanya yote dukani. Lakini ya kwanza mpaka ya nne ni dakika mbili kwa kila kisu, na muuzaji mwema hakatai. Sisi hatukufanya. Tulihesabu visu, tukalipa, tukakimbilia mashua.

TULIYOPATA

Visu 16 vilikuwa vizima. Nane vilikuwa na kasoro ndogo ambazo sisi wenyewe tunaweza kutengeneza. Sita vilibaki pembeni: viwili vya kifungo kibovu, kimoja kilichopinda, na vitatu ambavyo tupa ilivila kama muti.

Hivi nane tuliviponya hapa hapa. Vyenye kucheza na vyenye vise, tulikaza vise kwa turnevisi, robo ya muzunguko kwa mara, tukijaribu kila mara. Ukikaza sana kisu hakifunguki tena. Vyenye kucheza lakini vyenye musumari uliopigwa kichwa, fundi wa vyuma aliweka kichwa kimoja juu ya chuma kigumu na kugonga cha pili na nyundo ndogo, pole pole, mpaka mchezo ukaisha. Vyenye kukwama tuliviosha ndani ya maji ya moto na sabuni, tukavikausha, tukaweka tone la mafuta: ulikuwa unga wa chuma wa kiwandani.

Vyenye makali mabaya tulivinoa juu ya kinoo chenye maji. Hapa muangalie sana. Kisu cha makali ya upande mumoja kinanolewa upande ule uliochongwa tu. Upande ulio sawa unalazwa kabisa juu ya kinoo na kupitishwa mara moja ao mbili, kuondoa chuma kilichojikunja. Ukinua pande zote mbili kama kisu cha jikoni, umekiharibu kwa kazi ya grefe, na hiyo kasoro itakuwa yako.

Mupini wa mbao nao usikudanganye. Mvua ikinyesha, mbao inavimba na kisu kinakaza. Jua likiwaka, kinalegea. Hiyo ni tabia ya mbao. Kikaushe kivulini, paka mafuta ya kula kidogo juu ya mbao, ngoja siku mbili kabla ya kulalamika.

KASORO ILIYOKUWA YETU

Sasa tufike kwa jambo la haya. Vile visu vitatu laini, tulikuwa tayari kumupelekea muuzaji na maneno makali. Barua ilikuwa imekwisha andikwa. Ndipo kijana mumoja wa pepiniera akasimama katika mukutano, akasema: "Wazee, musinikasirikie. Hivyo viwili ni mimi nilivipitisha ndani ya moto."

Hakufanya kwa ubaya. Wote tumefundishwa kusafisha vifaa, tangu ule ugonjwa wa kunyauka kwa migomba ulipoonekana Masisi mwaka wa 2001 na kuenea katika Kivu. Ni panga na visu vichafu vinavyoupeleka kutoka mugomba mumoja mpaka mwingine, na moto ni mumoja kati ya njia za kuua vijidudu. Kijana alitaka kulinda avoka vile tunavyolinda ndizi. Lakini kisu cha grefe ni chembamba, kinapata moto haraka. Chuma chake kilipewa ugumu kiwandani, na ugumu ule unaanza kuondoka ukikipasha kupita digri 200 hivi. Kikigeuka rangi ya buluu kimefika karibu na 300, na makali yake hayakai tena. Kwa kisu cha namna hii tumia alkoli, ao maji ya javeli yaliyochanganywa vile agronome anavyoelekeza. Kiisha suuza, kausha na upake mafuta, juu javeli inakula chuma.

Ile rangi ya buluu ilikuwa bado inaonekana karibu na ncha. Kama tungevipeleka, muuzaji angeiona mbele yetu sisi, na hata vile vinne vya kweli asingevisikiliza. Tulimushukuru kijana mbele ya wote. Kusema kweli mbele ya mukutano ni kazi nguvu kuliko kunoa.

KURUDI KWA MUUZAJI

Tulituma wajumbe wawili, kwa mashua moja na safari moja. Walibeba visu vinne, fakture, karatasi ya namba zetu na kisu kimoja kizima cha kulinganisha. Visu vile vinne hatukuvinoa wala kuvifungua. Mukianza kutengeneza, muuzaji atasema: "Ninyi ndio mulioharibu." Kwa hiyo kinachorudi, kirudi vile kilivyokuja.

Chini ya fakture yetu kulikuwa na yale maneno tunayoyajua wote: bidhaa iliyouzwa hairudishwi wala haibadilishwi. Wengi wakiyasoma wanakunja mukia. Lakini sheria ya Congo juu ya mikataba, inayotoka katika dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, inamupa munuzi ulinzi kwa kasoro iliyofichwa: ile ambayo mutu hawezi kuiona wakati wa kununua, na inayofanya kitu kisifae kwa kazi yake. Munuzi anaweza kurudisha kitu na kupata feza yake, ao kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Na muuzaji aliyejua kasoro akanyamaza, hawezi kujificha nyuma ya yale maneno. Lakini sheria hiyo inamutaka munuzi asikawie, na hailindi kasoro iliyokuwa wazi mbele ya macho yake.

Wajumbe wetu hawakuanza na sheria. Walianza na salamu, wakasema: "Patron, tumekuja na visu 4 kati ya 30. Vingine viko vizuri. Tunaomba uvitazame pamoja nasi." Muuzaji alionyesha yale maneno ya fakture. Wakamuomba ajaribu kifungo kwa mukono wake mwenyewe, juu ya muti. Kisu kilijikunja mara ya pili. Akanyamaza. Akabadilisha vyote viwili.

Kwa kisu laini alikataa kwanza. Wajumbe wakaomba tupa yake mwenyewe, wakapima hicho na kile kizima mbele ya wafanyakazi wake. Alibadilisha.

Kwa kile kilichopinda alisema: "Hiki mungekiona hapa hapa dukani." Na alikuwa na haki. Hata hivyo, juu ya heshima aliturudishia nusu ya bei, na leo kisu kile kinafungua mifuko katika depo.

Tuliuliza pia juu ya kidole cha mama yetu. Muuzaji alisema hakujua kasoro ile, nasi hatukuwa na ushuhuda wa kusema alijua. Matunzo yalilipwa na kisanduku cha kooperative. Feza ile haikurudi, wala wiki mbili zile. Kubadilishiwa kisu hakuponyeshi kidole, ndiyo maana tunasema kupima kuje mbele.

TULIYOANDIKA KATIKA KANUNI YETU

Tangu siku ile komite imeshika mambo haya:

– Watu wawili wanakwenda kununua, si mumoja, na mumoja wao awe anafanya kazi na kifaa kile.
– Kila kisu kinapimwa dukani, kabla ya kulipa: kifungo, kuchezacheza, kufungika, kunyooka.
– Fakture iandikwe tarehe, hesabu, aina ya kisu na kazi yake: "visu vya grefe". Neno hilo moja linaonyesha kitu kilinunuliwa kwa kazi gani.
– Kila kisu kina namba, na magaziniye anaandika nani amekichukua. Mali bila daftari hupotea bila habari.
– Wiki ya kwanza ni ya majaribio. Kasoro yoyote isemwe ndani ya wiki hiyo, hata kama wewe ndiye uliyeifanya. Hakuna amende kwa mwenye kusema kweli.
– Kisu chenye kifungo kibovu hakitengenezwi na mutu yeyote. Kinafungwa na kamba na kurudi dukani. Muuzaji akikataa, kinavunjwa, kisimufikie mutoto.

Mama yetu amekwisha rudi kazini. Alichukua kisu namba 7, kimoja cha vile vilivyobadilishwa. Kabla ya kukata kijiti cha kwanza alikiweka juu ya muti na kukibonyeza mara tano, mbele ya wote, bila haraka. Sasa pepiniera nzima inafanya vile.

Kama nanyi katika kooperative yenu mumepata kasoro nyingine ya visu, sekatere ao misumeno, mutuandikie. Tutapanga maelezo yenu katika toleo linalokuja, wengine wajifunze.