Kipenga Hakina Ndugu

Tukikaa chini ya mwembe kando ya uwanja, sote tu marefarii hodari. Kila kosa twaliona, na kila hukumu twaijua. Lakini mtu akipewa kipenga na kuambiwa, "Haya, Karani, ingia," ndipo atambuapo uzito wa kazi ile. Mimi niliambiwa hivyo. Leo nawasimulia yaliyonipata, ili vijana wetu wanaoanza kazi hii wapate faida.

Ilikuwa Jumapili alasiri, vigango viwili vya parokia yetu vikicheza. Sheria zote 17 nilikuwa nimejifunza, na usiku wa kuamkia siku ile nilizisoma tena. Kumbe kujua sheria ni jambo moja, na kuongoza watu ni jambo jingine! Katika timu moja alikuwamo mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kijana mwenye mbio na moyo wa moto.

Mchezo haujakolea, mpwa wangu akamrukia beki mguuni bila kujali, akamwangusha. Nililiona wazi. Mkono wangu ukaenda mfukoni penye kadi ya njano, halafu ukarudi mtupu. "Samahani, Mjomba!" alisema huku akicheka. Nikatoa mpira wa adhabu tu, nikageuka.

Wenzake waliona, na wapinzani wao waliona pia. Tangu hapo uwanja ukanitoka mikononi. Beki yule akaanza kulipiza kwa viwiko. Kila nilipopuliza, wachezaji watano sita walinizunguka wakipiga kelele. Mzee mmoja pembeni akapaza sauti, "Huu ni mpira wa ukoo!" Kipindi cha pili mpwa wangu akapigwa teke la kifundo, akabebwa nje. Mungu ashukuriwe, mfupa haukuvunjika. Lakini mwezi mzima alichechemea, na dada yangu akalima peke yake. Nilipokwenda kumpa pole aliniambia, "Kaka, ulimhurumia mwanangu dakika moja, naye ameumia mwezi."

Maneno hayo yalinirudisha kwenye kitabu cha sheria. Sheria ya 12 yapanga makosa ya kumvamia mwenzako katika madaraja 3. Aliyekosa kwa kutoangalia, atoa mpira wa adhabu tu. Aliyekosa kwa kutojali hatari ya mwenzake, apewa pia kadi ya njano. Aliyetumia nguvu kupita kiasi hata kuhatarisha mwili wa mwenzake, apewa nyekundu, atoke, na timu yake ibaki pungufu. Daraja la mpwa halimo! Tena, mchezo ukiisha kuanzishwa upya, refarii hawezi kurudi nyuma kuitoa kadi aliyoiacha kwa huruma.

Kadi hizi nazo zina kisa chake. Mwaka 1966, katika Kombe la Dunia, Uingereza ilicheza na Ajentina huko Wembley. Refarii, Rudolf Kreitlein wa Ujerumani, alimtoa nahodha wa Ajentina, Antonio Rattín. Wawili hao hawakujua lugha ya kuelewana, na nahodha akakataa kutoka kwa dakika kadhaa. Msimamizi wa marefarii alikuwa Ken Aston, Mwingereza, naye kwa kazi yake alikuwa mwalimu wa shule. Akifikiri juu ya jambo hilo, taa za barabarani zilimpa shauri: njano ni kujihadhari, nyekundu ni kusimama. Kadi zikatumika katika Kombe la Dunia mara ya kwanza mwaka 1970, huko Meksiko. Basi, kadi haikuletwa ili kumwaibisha mtu. Ni neno ambalo kila aliye uwanjani alielewa.

Haya ndiyo niliyojifunza baadaye. Kwanza, kama ndugu yako anacheza, waambie wenye mchezo watafute refarii mwingine. Akikosekana, jiandae kuwa mnyofu. Pili, kabla ya mchezo waite manahodha, wasalimu, uwaambie kwamba mwenye neno aje nahodha peke yake. Tatu, kimbia uwe karibu na mpira, kwani mchezaji hubishana sana na refarii aliye mbali. Nne, kosa baya la kwanza liadhibu palepale. Mwite mchezaji kando, sema naye maneno machache kwa upole, onyesha kadi bila hasira, usimguse wala usibishane. Tano, ukitambua umekosea na mchezo haujaanzishwa tena, badili hukumu yako. Sheria yaruhusu, na wachezaji humheshimu mtu wa kweli.

Mpwa wangu alipopona, timu yake ilicheza tena, na refarii mwingine hakupatikana. Niliwaambia manahodha wote wawili wazi, "Yule ni mtoto wa dada yangu. Nitazameni." Muda si mrefu akamkwatua mtu kwa pupa. Nikainua kadi ya njano. "Mjomba?" aliuliza kwa mshangao. Nikamjibu, "Mjomba yuko nyumbani. Hapa yuko refarii." Akainamisha kichwa, akacheza mpaka mwisho bila kosa jingine, na hakuna aliyeumia. Jioni akaja kwangu, "Shikamoo, Mjomba," tukala ugali pamoja, naye hakulitaja neno lile.

Wazazi wapenzi, nanyi mna vipenga vyenu nyumbani. Yule mtoto mnayempenda kupita wenzake, akimpiga ndugu yake nanyi mkageuza uso, wenzake wanawaona. Mrekebisheni mapema, kwa upole, sawasawa na wengine. Vijana, anayetaka kujifunza urefarii na afike ofisini kwa parokia yake aulize mechi za vigango. Aanze na zile za watoto. Wao hawamwogopi mtu, nao watamfundisha upesi.