Usukani unacheza, unanasa au umekaa upande? Msamiati wa hitilafu za mbele za pikipiki

Katika vijiji vingi vya Ikungi, Mkalama na Iramba, mkoani Singida, bodaboda hupita kwenye njia za mchanga na makorongo, mara nyingi ikiwa na abiria pamoja na gunia la alizeti. Sehemu ya mbele ya pikipiki ndiyo hupokea mapigo ya kwanza. Fundi anapokuwa mbali, mwenye chombo hujitengenezea nyumbani, na kazi yake huanza kwa kuitaja hitilafu kwa neno lake. Neno likikosewa, hununuliwa kipuri kisichohitajika na hatari hubaki palepale.

Majina ya sehemu

*Usukani* ni neno lenye asili ya Kiarabu, na awali lilihusu chombo cha baharini: ubao wa nyuma unaokiongoza. Katika pikipiki hutaja mikono anayoishika dereva. *Shingo ya usukani* ni mahali usukani unapozungukia ndani ya fremu, juu ya gololi zilizopangwa katika vikombe viwili, cha juu na cha chini. *Shokapu* ni miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Kila mmoja una bomba la ndani linaloteleza katika bomba la nje, pamoja na springi, oili, na *sili*, yaani mpira unaozuia oili isitoke.

Kucheza

Kitu *kinacheza* kinapotikisika mahali kinapopaswa kutulia. Ili kupima, gurudumu la mbele huinuliwa kwa kuweka gogo imara chini ya injini, kisha miguu ya shokapu hushikwa kwa chini na kuvutwa mbele na nyuma. Mgongo ukisikika shingoni, nati ya shingo imelegea au gololi zimelika. Gurudumu likisukumwa kwa ubavu na kutikisika huku shingo imetulia, ubovu uko kwenye beringi za gurudumu. Kwa hiyo kauli «mbele kunacheza» haitoshi. Yafaa kusema *shingo inacheza* au *gurudumu linacheza*.

Kunasa

Usukani *unanasa* unapogoma mahali pamoja, hasa katikati, kana kwamba umeingia shimoni. Sababu yake ni vikombe vilivyochimbika kwa mapigo ya gololi. Grisi mpya haiwezi kuziba vishimo hivyo. Vikombe na gololi hubadilishwa pamoja. Usukani *mgumu* ni jambo jingine: hauzunguki kwa wepesi popote, kwa sababu nati imekazwa kupita kiasi au grisi imekauka na kuchanganyika na vumbi. Nati ya shingo hukazwa mpaka mchezo uishe, lakini gurudumu likiwa limeinuliwa, usukani uweze kuanguka wenyewe kulia na kushoto.

Kukaa upande na kupinda

Hapa ndipo wengi huchanganya. Baada ya kuanguka mchangani, gurudumu huweza kutazama mbele ilhali usukani unatazama kushoto. Mara nyingi usukani huo *umekaa upande* tu: shokapu zimejisokota katika vishikizo vyake. Bolti za vishikizo vya chini na ekseli hulegezwa kidogo, gurudumu hubanwa kati ya magoti, usukani hunyooshwa, kisha kila kitu hukazwa tena. Ikiwa chuma chenyewe kimepoteza unyoofu wake, basi *kimepinda*. Bomba la shokapu lililopinda halifai kugongwa kwa nyundo ili linyooke, hubadilishwa. Anayeandika «kimepinda» badala ya «kimekaa upande» humgharimu msomaji fedha. Anayefanya kinyume chake huhatarisha maisha yake.

Kuvuja

Shokapu *inavuja* oili inapoonekana kwenye bomba la ndani. Breki ya mbele ikishikwa na usukani ukakandamizwa, shokapu huzama kwa urahisi na kurudi kwa kurukaruka, kwa kuwa oili imepungua. Kuongeza oili bila kubadilisha sili ni kazi ya siku chache. Oili mpya hupimwa sawasawa katika miguu yote miwili, kwa kiasi kilichotajwa na mtengenezaji. Bomba likiwa na mikwaruzo, sili mpya nayo itakatika. Oili ikifika kwenye breki, pikipiki haipaswi kuendeshwa kabla haijasafishwa.

Matumizi

*Shokapu*, *springi*, *sili* na *gololi* hufuata upatanisho wa i-/zi-: *shokapu inavuja*, *shokapu zinavuja*. *Usukani* hufuata u-: *usukani unanasa*. Mfasiri wa kitabu cha matengenezo atofautishe pia *kulegea*, ambayo ni hali ya nati, na *kulegeza*, ambalo ni tendo la fundi. «Nati imelegea» ni onyo. «Legeza nati» ni agizo.