Je, Wajua? Mlango Mmoja, Watu 800

Je, wajua kuwa milimani kusini-magharibi mwa jimbo la Fujian, China, zipo nyumba za udongo za orofa tatu hadi tano, na kubwa kati ya hizo huweza kukaa watu 800? Huitwa tulou, yaani jengo la udongo.

Wahakka, wajenzi wake mashuhuri, jina lao lina maana ya "wageni". Wazee wao walihama kutoka kaskazini, wakakuta mabonde mazuri ya kusini yana wenyewe. Wakapanda milimani. Huko nako kulikuwa na majambazi, basi ukoo mzima ukajifungia ndani ya ukuta mmoja.

Je, wajua ukuta wenyewe? Hapa hakuna kukandika fito. Udongo hushindiliwa kwa michi katikati ya mbao, tabaka juu ya tabaka, na fito za mianzi hulazwa ndani kama nondo. Unene hufika mita 1.8. Udongo wa baadhi ya kuta ulichanganywa na uji wa mchele wa kunata na sukari guru. Ukuta wa kulamba!

Orofa za chini hazina madirisha ya nje. Juu ya lango huwekwa tangi la maji: adui akichoma mlango, anamwagiwa.

Kinachonivutia zaidi ni mgawanyo. Familia haipewi orofa, hupewa mkato wa kusimama: jiko chini, ghala la nafaka juu yake, vyumba vya kulala juu kabisa. Nyumba ikiwa duara haina pembe ya kugombaniwa, na vyumba hutoshana. Tajiri na mkata hupanda ngazi zilezile.

Je, wajua tulou iitwayo Chengqi Lou? Ilikamilika 1709: duara nne, moja ndani ya nyingine, ukumbi wa wahenga katikati, vyumba karibu 400.

Katika Yuchang Lou nguzo zimeinama huku na huku kama walevi, nyingine kwa nyuzi 15. Jengo lingali limesimama.

Zhencheng Lou ilijengwa 1912, mwaka ambao mfalme wa mwisho wa China aliachia kiti, kwa fedha za biashara ya visu vya kukatia tumbaku.

Si tulou zote za Wahakka. Nyingine ni za Waminnan. Na filamu ya Mulan ya 2020 ilimkalisha shujaa huyo ndani ya tulou, ingawa masimulizi humtaja kuwa mtu wa kaskazini. Sinema bwana!

UNESCO iliandikisha majengo 46 mwaka 2008 kuwa urithi wa dunia. Ukitaka kuyaona, angalia tiketi yako vizuri: jiji la Nanjing liko jimbo la Jiangsu, mbali kaskazini. Nanjing yenye tulou ni wilaya ya Fujian. Wewe shukia Xiamen.