Densiti Linganishi: Hesabu za Kimea na Haidromita

Densiti linganishi ya kimiminika ni densiti yake ikigawanywa kwa densiti ya maji. Haina kizio. Maji ni 1.000, sukari ikiyeyuka ndani yake, namba hupanda. Chombo cha kupimia ni haidromita: kadiri kimiminika kilivyo kizito, ndivyo inavyoelea juu zaidi.

Watengenezaji bia wa Uingereza walianza kutumia haidromita katika karne ya 18. Iliwaonyesha kwamba kimea cheupe, ingawa bei yake ilikuwa juu, kilitoa sukari nyingi kuliko kimea cha kahawia. Hadi leo, anayetengeneza bia nyumbani hupima densiti ya maji ya kimea kabla ya kutia hamira. Kipimo hicho huitwa densiti ya mwanzo.

Kanuni

Toa 1 kwenye densiti linganishi, kisha zidisha kwa 1,000. Jibu huitwa pointi. Kwa hiyo 1.045 ni pointi 45.

Kilo 1 ya shira ya kimea, ikiyeyushwa hadi mchanganyiko wote ufike lita 1, huleta pointi 300 hivi. Dondoo kavu ya kimea huleta pointi 360 hivi. Shira huleta chache kwa sababu takribani moja ya tano yake ni maji.

Uzito (kilo) = pointi × ujazo (lita) ÷ mchango wa kilo 1

Mfano 1

Zinatakiwa lita 20 za maji ya kimea yenye densiti ya mwanzo 1.045. Tafuta uzito wa shira, kisha wa dondoo kavu.

Jumla ya pointi: 45 × 20 = 900
Shira: 900 ÷ 300 = kilo 3
Dondoo kavu: 900 ÷ 360 = kilo 2.5

Mfano 2

Baada ya kuchemsha zimebaki lita 15 zenye densiti 1.060. Yaongezwe maji kiasi gani ili densiti iwe 1.045?

Maji hayaongezi wala hayapunguzi sukari. Jumla ya pointi haibadiliki.
60 × 15 = 900
900 ÷ 45 = lita 20
Maji ya kuongeza: 20 − 15 = lita 5

Baada ya kuchachuka

Hamira hugeuza sukari kuwa ethanoli na kabonidayoksaidi:

C₆H₁₂O₆ → 2C₂H₅OH + 2CO₂

Gesi hutoka, na ethanoli ni nyepesi kuliko maji, hivyo densiti hushuka. Ikishuka kutoka 1.045 hadi 1.012, kiasi cha ethanoli kwa ujazo hukadiriwa hivi:

(1.045 − 1.012) × 131 = asilimia 4.3

Densiti ikiendelea kushuka, uchachukaji haujaisha. Anayefunga chupa wakati huo hufungia gesi ndani, na chupa huweza kupasuka na kujeruhi watu. Ukiulizwa umuhimu wa kupima zaidi ya mara moja, hilo ndilo jibu.

Makosa yanayopoteza alama

1. Kuzidisha 1.045 badala ya 45. Utapata kilo 0.07 za shira, yaani gramu 70 kwa lita 20. Jiulize: maji hayo yangekuwa na utamu wowote?
2. Kutumia ujazo wa maji yaliyotiwa badala ya ujazo wa mchanganyiko wote. Sukari iliyoyeyuka nayo huchukua nafasi.
3. Kusahau joto. Kimiminika cha moto hutanuka, densiti yake hupungua na haidromita husoma chini. Pima katika joto lililoandikwa kwenye chombo. Mara nyingi ni nyuzi 20 za Selsiasi.

Jipime

Tafuta uzito wa shira unaohitajika kupata lita 10 zenye densiti 1.036.

Jibu: 36 × 10 ÷ 300 = kilo 1.2