Jeraha la Moto Halitaki Sungura

Swali ni lile lile, liwe limetoka Namswea au Litembo huku Mbinga, au kwa mtu wa mjini mwenye shahada yake: "Daktari, mtoto kaungua na manyoya ya sungura tumepata. Tubandike kabla ya asali au baada?" Siulizwi kama yabandikwe. Hilo limeshaamuliwa jikoni, na jirani anayefuga sungura keshapigiwa simu.

Najibu hapa, kwa maandishi, nisiulizwe tena.

Watu wakisikia mimi ni bingwa wa upasuaji rekebishi hudhani nahangaika na pua na makalio ya wenye fedha. Fani hii ilikomazwa na vita na moto. Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, alitibu nchini Uingereza marubani walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia. Enzi hizo majeraha yalipakwa asidi ya taniki, jamii ya dawa za kutengenezea ngozi za viatu, ili yakauke na kufanya gamba. Yakakauka kweli, na vidole vikakakamaa navyo. McIndoe aliipiga vita dawa hiyo, akawaloweka wagonjwa wake kwenye maji ya chumvi, maana ilionekana marubani walioangukia baharini walipona vizuri kuliko wenzao wa nchi kavu. Mwaka 1957 yeye, Michael Wood na Tom Rees, wote wa fani hii, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege ambayo leo mnaiita Amref. Sasa, hoja kwamba manyoya "yanakausha" jeraha ilishajaribiwa enzi zile kwa asidi hiyo, dawa kali kuliko sungura, ikashindwa.

"Mbona mjukuu wangu alipona, hata kovu hana?" Bibi, alipona kweli, lakini si kwa sungura. Ngozi huota upya kutoka kwenye mashina ya vinyweleo na tezi za jasho. Uji ukiunguza juu juu, mashina hubaki hai, na ngozi hurudi ndani ya wiki mbili hivi, uwe umebandika manyoya, umepaka dawa ya meno au umefunika kitambaa safi tu. Sungura anapokea sifa za kazi asiyoifanya. Ila siku ya sufuria la maharage yanayotokota, au ya mgonjwa wa kifafa kuangukia mafiga, mashina yameungua yote. Hapo jeraha hujifunga kwa kujivuta kutoka pembeni. Nyumbani mnaona limekauka, mnashukuru. Kumbe kidevu kinashushwa kifuani, kiwiko kinakunjwa, vidole vya mtoto vinagandana na kiganja. Hao ndio ninaoletewa, miezi au miaka baadaye, na maelezo hayabadiliki: kidonda kilipona vizuri, mkono tu ndio ulikunjamana.

Na hayo manyoya yenyewe mngeyaona asubuhi! Majimaji ya jeraha yameyashika yakawa mkeka mmoja, chini yake usaha. Nesi analoweka, anachomoa unyoya mmoja mmoja kwa koleo, mtoto analia mpaka sauti inakauka. Wakati mwingine hatuna budi kumpa dawa ya usingizi. Mimi nimekuja kupima kina cha jeraha na sioni kitu. Rangi ndiyo inayoniongoza: wekundu unaopauka ukibonyezwa kisha ukarudi haraka, moto haukuzama; weupe mkavu usiouma, umezama. Ndiyo, lisilouma ndilo la kuogopwa. Sungura mleni kwa ugali.

Sasa la kufanya. Vueni nguo na shanga, mwagieni sehemu iliyoungua maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Hata kama saa mbili zimepita, bado yanasaidia. Barafu hapana. Kwa baridi ya Mbinga ya Juni, sehemu nyingine ya mwili ifunikwe blanketi. Malengelenge msiyapasue. Funikeni kitambaa safi, basi. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake ni karibu asilimia 1 ya ngozi yake. Mtoto aliyeungua asilimia 10 anahitaji dripu upesi. Uso, mikono, nyayo, sehemu za siri, maungio, au moto wa umeme: hospitali, hata jeraha likiwa dogo. Ulizeni sindano ya pepopunda. Wiki mbili zikipita halijafunga, msiongeze dawa. Ulizeni habari ya kupandikiza ngozi. Huchukuliwa utando mwembamba pajani, na paja hupona lenyewe kwa sababu mashina yamebaki. Wakati wa kuuguza mtoto atapenda kujikunja, na huo mkao wa raha ndio utakaomlemaza: shingo bila mto, kiwiko kwenye banzi, kila kidole kifungwe peke yake.

Mkono uliokwisha kukunjamana hufunguliwa, hata baada ya miaka, ingawa kadiri unavyokaa ndivyo viungo na mishipa vinavyozoea mkunjo, na mtoto anayekua huenda akarudi kwenye meza ya upasuaji zaidi ya mara moja. Anzeni hospitali ya wilaya Mbinga, Litembo au Peramiho, muombe rufaa mkihitaji. Mwenye mtoto wa namna hiyo nyumbani asingoje malipo ya kahawa aliyouza. Amlete sasa, hata kama alishaambiwa amechelewa.