IST ya mwaka gani ununue Kigoma? Namba ya gari isikudanganye

Mjomba wangu alistaafu ualimu, akachukua sehemu ya kiinua mgongo chake na kununua IST pale Mwanga. Dalali alimwambia gari ni la 2007, kisha akamwonyesha namba inayoanzia na herufi D. "Si unaona mwalimu, bado mpya hili." Mjomba akalipa. Wiki mbili baadaye kadi ilipofika mkononi, imeandikwa 2003.

Gari halikuwa bovu, mpaka leo linatembea. Ila alilipa bei ya gari lenye umri mdogo kwa miaka minne, na hela ile hairudi tena.

Kama na wewe unajichanga kununua IST, Vitz au Passo, iwe ya kutembelea au ya kupigia teksi kati ya Mwanga, Ujiji na stesheni, soma hii kwanza.

Namba D au E si mwaka wa gari

Hapa ndipo watu wengi wanapopigwa. Herufi zilizo kwenye namba zinaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania. Hazisemi lilitengenezwa lini.

IST ya 2003 na IST ya 2012 zikishuka bandarini Dar es Salaam wiki moja na kusajiliwa siku moja, zote zitapata namba za kundi moja. Kwa hiyo namba E inakwambia kitu kimoja tu: gari halijakaa sana kwenye barabara zetu. Hiyo ni faida kweli, lakini si umri.

Mwaka wenyewe utafute sehemu hizi:

- Kadi ya gari. Ina mwaka wa kutengenezwa. Iombe kabla hata ya kuanza kujadili bei.
- Namba ya chesesi. Ilinganishe na iliyo kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu.
- Mkanda wa siti. Vuta mkanda mpaka mwisho, chini kabisa mara nyingi kuna kilebo chenye tarehe ya kutengenezwa. Kama mkanda ni wa 2003 na muuzaji anasema gari ni la 2007, muulize vizuri.

Herufi za chesesi zinasema mengi

Magari ya Japani yana kodi fupi mwanzoni mwa namba ya chesesi. Ukizijua hizi, dalali hawezi kukuchanganya:

- NCP60: IST ya zamani, injini ya cc 1,300
- NCP61: IST ya zamani, cc 1,500
- NCP65: IST ya zamani, cc 1,500, inavuta tairi zote nne
- NCP110: IST new model, cc 1,500
- ZSP110: IST new model, cc 1,800
- KSP90: Vitz ya kati, cc 1,000
- SCP90: Vitz ya kati, cc 1,300
- NSP130: Vitz ya mwisho, cc 1,300
- KGC10: Passo ya kwanza, cc 1,000

Piga picha ukurasa huu uweke kwenye simu.

IST ya zamani: 2002 hadi 2007

Toyota ilianza kuuza IST Japani mwaka 2002. Mwaka 2005 ikaiboresha kidogo sura, na mwaka 2007 ikaleta umbo jipya kabisa ambalo sisi tunaliita new model.

IST ya zamani ina gia boksi ya otomatiki ya kawaida, ya gia nne. Injini zake, 2NZ ya cc 1,300 na 1NZ ya cc 1,500, zinatumia cheni na si mkanda, kwa hiyo hakuna mkanda wa timing wa kubadilisha kila baada ya kilomita fulani. Injini ya 1NZ imefungwa kwenye magari mengi ya Toyota, Probox zikiwemo. Ndiyo maana fundi wa Gungu au Ujiji anaijua hata akiwa amefumba macho, na spea zake hazisumbui kupatikana.

Shida yake ni umri. Hata ile ya mwisho mwisho ya 2007 imeshakula miaka mingi. Injini iliyochoka huanza kula oili, bushi zinalia, na mpira wa milango umekauka.

Ukiamua kuchukua ya zamani, tafuta iliyotengenezwa kuanzia katikati ya 2005 hadi 2007, yenye cc 1,500. Tofauti ya mafuta kati yake na ya cc 1,300 si kubwa kama watu wanavyodhani, hasa ukiwa na abiria wanne na unapanda mlima. Injini ndogo inalazimika kukanyagwa zaidi.

IST new model: 2007 hadi 2016

Hii ni pana zaidi, imetulia barabarani, na ndani ina nafasi. Ila ile ya cc 1,500 inayovuta tairi za mbele ina gia boksi ya aina ya CVT. Hii haina gia za kuhesabu. Inatumia mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kwenye puli mbili.

CVT nzima inaendesha laini na inabana mafuta. Iliyoharibika ni kilio. Inataka mafuta yake maalumu ya CVT, na ukimwagia ATF ya kawaida unaiua taratibu. Kabla ya kulipa, muulize mwenye gari: mafuta ya gia boksi yalibadilishwa lini, na yalikuwa ya aina gani? Akisema "hayajawahi kuguswa na linatembea vizuri tu", punguza bei au ondoka.

Kwa matumizi ya nyumbani, IST ya 2010 hadi 2014 yenye historia inayoeleweka ni chaguo zuri. Kwa teksi ya kutwa nzima, wengi bado wanapumua na ile ya zamani ya gia nne kwa sababu matengenezo yake ni rahisi.

Vitz na Passo je?

Vitz zina vizazi vitatu: 1999 hadi 2005, 2005 hadi 2010, na ile iliyotoka mwishoni mwa 2010. Namna rahisi ya kuzitofautisha kwa ndani: Vitz mbili za kwanza zina mita katikati ya dashibodi, ya tatu mita iko mbele ya dereva.

Kuanzia kizazi cha pili, Vitz ya cc 1,000 ina silenda tatu. Inabana mafuta sana kwenye tambarare, lakini Kigoma si tambarare. Ukitoka stesheni kupanda Lumumba kuelekea Mwanga na abiria wanne na AC inawaka, utaisikia inavyolalamika. Passo ya cc 1,000 ni hivyo hivyo. Zinafaa kwa mtu mmoja au wawili wa kwenda kazini na kurudi.

Ukitaka Vitz, angalia ya 2011 kwenda juu, cc 1,300. Kitu kimoja cha kuchunguza: baadhi yake zinazima injini zenyewe ukisimama na kuwaka ukiachia breki. Mfumo huo unataka betri yake maalumu, yenye bei juu kuliko ya kawaida. Uliza kwanza maduka ya hapa mjini kama wanayo.

Kwa nini Kigoma ni tofauti na Dar

Kwanza, mafuta. Bei kikomo ya EWURA inayotangazwa kila mwezi huwa juu zaidi Kigoma kuliko Dar, kwa sababu mafuta yanasafirishwa kutoka pwani mpaka huku. Gari linalokula sana unaliona haraka mfukoni.

Pili, umbali. Gari likinunuliwa Dar linasafiri zaidi ya kilomita 1,200 kufika kwako. Spea nayo ni hivyo hivyo. Kifaa adimu kinaweza kukufanya ulaze gari siku kadhaa ukisubiri basi lilete mzigo.

Tatu, barabara. Lami imesogea, lakini ukiacha barabara kuu kuingia vijijini Uvinza, Buhigwe au Kasulu bado kuna vumbi na makorongo. IST na Vitz ziko chini. Lala chini ya gari uangalie kama sahani ya injini na bomba la moshi vimegongwa.

Ukiagiza mwenyewe Japani

Wengine wanaona bora waagize moja kwa moja. Hapa mwaka wa gari ni hela kabisa.

TRA inatoza ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini. Gari la chini ya cc 1,000 linasamehewa sehemu hiyo, la kuanzia 1,001 hadi 2,000 ni asilimia 5. Ndiyo maana Passo na Vitz ndogo za cc 996 zina unafuu. Kwa hiyo IST ya cc 1,300 na ya cc 1,500 ziko kundi moja.

Halafu kuna ushuru wa uchakavu: gari la miaka 8 hadi 10 ni asilimia 15, la zaidi ya miaka 10 ni asilimia 30. IST ziliacha kutengenezwa 2016, kwa hiyo karibu zote ziko kundi la juu. Maana yake ni kwamba, kwa kiwango cha uchakavu, ya 2005 na ya 2012 zinabanwa sawa. Kinachobadilika ni thamani ambayo TRA imeipangia kila mwaka wa gari.

Usikadirie kichwani. TRA ina kikokotoo mtandaoni: unaingiza aina ya gari, mwaka na injini, kinakupa jumla ya kodi. Linganisha miaka mitatu au minne kabla ya kumtumia muuzaji hela. Na omba karatasi ya mnada. Alama ya R au RA kwa kawaida inamaanisha gari lilishapata ajali na kutengenezwa.

Hatari ambayo watu hawaitaji: mifuko ya hewa

Hii ni ya kuokoa maisha. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza mifuko ya hewa ya magari ambayo kifaa chake cha kuifumua kinaharibika kwa joto na unyevunyevu wa miaka mingi. Ajali ikitokea, kinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Watu wamekufa kwa namna hiyo nchi mbalimbali.

Mei 2015 Toyota iliita magari karibu milioni 5 duniani kwa ajili ya tatizo hilo, yakiwemo ya familia ya Vitz na Yaris ya miaka ya mwanzoni mwa 2000. Gari lililoondoka Japani kabla ya kurekebishwa linaweza kuwa bado na kifaa kile kile. Tovuti ya Toyota Japani ina sehemu ya kuingiza namba ya chesesi na kuona kama gari limeitwa. Ni ya Kijapani, lakini simu yako inaweza kutafsiri.

Siku ya kukagua

Nenda asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Ukikuta boneti lina moto, ujue wameshaliwasha kuficha kitu.

- Washa, angalia moshi. Wa bluu ni oili inaungua.
- Panda nalo mlima wa Lumumba likiwa na watu wanne. Gia boksi isiruke, isivume, injini isinguruma bure huku gari haliendi.
- Funua zulia la buti. Hapa kwetu IST zinabeba dagaa kutoka Kibirizi na Katonga, na madumu ya mawese. Harufu unaweza kuizoea, ila maji yanayobaki chini ya zulia yanaleta kutu.
- Angalia matope au alama za maji chini ya siti. Ziwa lilipopanda miaka ya karibuni, maji yaliingia maeneo mengi ya ufukweni.
- Usiamini mita ya kilomita peke yake. Usukani uliong'aa na pedali zilizolika haziendani na kilomita 60,000.

Nenda na fundi wako, si fundi wa muuzaji. Mlipe siku yake.

Karatasi kabla ya hela

Jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia. Tafuta deni la faini za trafiki kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi, na hakiki bima kwenye TIRA-MIS. Andikishaneni kwa wakili, kisha umiliki uhamishwe TRA bila kuchelewa.

Na ukiletewa gari lenye namba za Burundi au Kongo kwa "bei ya kutupa", kumbuka kodi ya Tanzania bado haijalipwa. Ukikamatwa nalo, hasara ni yako.

Kwa ufupi

- Teksi na barabara mbovu: IST 2005 hadi 2007, NCP61
- Familia: IST 2010 hadi 2014, NCP110, CVT iliyotunzwa
- Kubana mafuta: Vitz 2011 kwenda juu, cc 1,300
- Mtu mmoja wa mjini: Passo au Vitz ya cc 1,000

Kati ya gari la 2006 lililotunzwa na la 2012 lililochoshwa, chukua la 2006. Ila mwaka uusome mwenyewe kwenye kadi. Mjomba siku hizi akisikia mtu anasema "namba E hii", anauliza swali moja tu: "Kadi iko wapi?"